SHERIA ISIYOONEKANA NI FIMBO YA GIZANI



Hakuna neno lililo jepesi mdomoni mwa mwenye cheo kuliko hili: "Sheria ndivyo isemavyo." Akishalitamka hunyamaza, kana kwamba amekwisha kutoa hoja na kuleta mashahidi. Nasi raia huinamisha vichwa, tukalipa tulichotakiwa, tukahama tulipoamriwa, kisha tukarudi majumbani na manung'uniko yetu. Leo twauliza swali moja tu, nalo si la fitina wala si la uasi: ni wangapi miongoni mwetu waliowahi kumjibu mtu huyo, "Sheria gani, ya mwaka gani, na je, ingali hai?"

Mimi mwandishi wa maneno haya si mwanasheria. Ni muuza duka, na elimu yangu nyingi niliipata chuoni, juu ya mkeka. Siku moja aliniingia dukani mtu wa ofisi ambayo sitaitaja kwa jina, kwani ugomvi wangu si na mtu bali ni na ada mbaya. Mkononi alikuwa na karatasi moja iliyopigwa kopi mara nyingi hata herufi zake zimekuwa kama nyayo za mdudu. Haikuwa na kichwa wala mkia, wala namba, wala mwaka. Akanambia natakiwa kulipa kadha wa kadha, na nisipolipa duka litafungwa. Nikamwambia, "Bwana, mimi sikatai kulipa, lakini nionyeshe sheria." Akanijibu, "Sheria ndiyo hii." Nikamwuliza, "Ya mwaka gani?" Akasema, "Sheria haina mwaka."

Nililipa. Mwenye duka la mlango mmoja na watoto wanaokula humo humo hana ubavu wa kufungiwa hata siku mbili. Lakini neno lile lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Sheria haina mwaka! Kopo la maziwa lililoko rafuni mwangu lina tarehe yake, nami nikiliuza baada ya tarehe hiyo nitashitakiwa. Basi yawaje mimi nikatazwe kuuza maziwa yaliyokwisha muda wake, na yeye aruhusiwe kuniuzia sheria ambayo hata hajui kama imekwisha muda wake au la?

Wazee wetu wamesema, mali bila daftari hupotea bila khabari. Haki nayo ni mali. Na daftari la haki za watu ni sheria za dola yao, zile za leo na zile za jana, zikiwa zimeandikwa, zimepangwa, na kila mtu aweza kuzifunua. Kila muuza duka ajua kwamba mstari mmoja wa daftari hautoshi kumdai mtu. Huenda deni liliandikwa mwezi wa Rajabu, nusu yake ikalipwa Shaabani, na Ramadhani likafutwa lote. Anayekwenda kudai kwa ukurasa wa Rajabu, naye ajua kuwa kuna ukurasa wa Ramadhani, huyo ni dhalimu. Na anayedai bila ya kujua, huyo ni mjinga aliyepewa madaraka. Kwa anayedaiwa, hasara ni moja.

Tuliopita chuoni twalijua jambo hili kwa jina jingine. Walimu wetu walitufundisha kwamba iko hukumu iliyofuta na iko hukumu iliyofutwa, nasikh na mansukh, na kwamba asiyezipambanua hizi mbili haifai akae kitako kuwatolea watu fatwa. Ikiwa sharti hili lamlazimu mwanachuoni mwenye kilemba, sembuse karani mwenye muhuri?

Huenda msomaji akasema, "Haya ni maneno ya vitabuni, sisi shida yetu ni unga na mafuta." Twamjibu kwa tarikh ya visiwa hivi hivi. Tarehe 6 Aprili 1897, katika enzi ya Sultani Hamoud bin Mohammed, ilitolewa dikrii ya kuondoa hali ya utumwa katika Unguja na Pemba. Wengi hudhani kuwa siku ile minyororo ilikatika yote. Hasha! Dikrii ile haikumwacha huru mtumwa kwa kulala na kuamka. Ilimpasa aende mwenyewe mahakamani, adai uhuru wake, aonyeshe atakapokaa na atakavyojilisha. Bwana wake ndiye aliyelipwa fidia. Masuria nao waliwekwa kando, wakangoja mpaka dikrii ya 1909. Basi fikirini, ndugu zangu: palikuwa na mtu analima mikarafuu ya mwingine, na mlango wa uhuru wake umekwisha kufunguliwa kwa maandishi, lakini maandishi yale hakuyaona wala hakusomewa. Akaendelea kuwa mtumwa chini ya sheria ya uhuru. Huo ndio utumwa wa kutojua sheria, na huo haukufutwa na dikrii yoyote mpaka leo.

Tazameni tena habari ya karafuu, ambayo ndiyo iliyokuwa pumzi ya nchi hii. Mwaka 1937 ilitoka dikrii iliyokipa chama cha wakulima wa karafuu, kilichoanzishwa 1927, mamlaka ya pekee juu ya ununuzi wa karafuu za kupelekwa nje. Wafanya biashara wa Kihindi wakagoma, na Congress ya Hindi ikawaunga mkono kwa kususia karafuu zetu. Mwaka 1938 yakafanywa mapatano na utaratibu ukabadilika. Mtu atakayeisoma dikrii ya 1937 akaishia hapo atawasimulia watu uwongo bila ya kukusudia. Atakayesoma mapatano ya 1938 peke yake hatajua yalipatana juu ya nini. Sheria husomwa kama mtu asomavyo nasaba: baba ni nani, mtoto ni nani, nani kafa na nani kamrithi.

Na nasaba ya sheria zetu ni ndefu, tena imepita mikononi mwa wengi. Yatupasa kuijua, kwani anayetaka kutupoteza hutupotezea humo humo.

Baada ya Uingereza kuiweka nchi chini ya himaya yake mwaka 1890, ziliingizwa hapa sheria nyingi kutoka Bara Hindi, hata Sheria ya Jinai ya Hindi ya 1860 ikatumika kuhukumia watu wa Unguja. Gazeti Rasmi lilianza kutoka 1892, nalo ndilo daftari la kwanza la kutafutia. Mwaka 1926 likaundwa Baraza la Kutunga Sheria. Dikrii zilipokuwa nyingi zikakusanywa katika majuzuu ya sheria zilizorekebishwa, likiwamo lile toleo la 1934 na lile la 1959, na kila sheria ikapewa namba ya sura. Ndiyo maana mahakimu na mawakili husema Dikrii ya Ushahidi, Sura ya 5, au Dikrii ya Jinai, Sura ya 13. Tarehe 10 Disemba 1963 nchi ilipata uhuru kwa katiba yake, na katiba ile ilidumu siku 33 tu, mpaka Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Kuanzia hapo sheria zilitungwa na Baraza la Mapinduzi, nazo bado ziliitwa dikrii. Mpaka Januari 1980 ndipo Baraza la Wawakilishi lilipoanza kazi, kufuatia Katiba ya 1979. Kisha ikaja Katiba ya 1984, ambayo nayo imefanyiwa marekebisho mara kadhaa, na lile la kumi lilikuwa la 2010.

Juu ya hayo yote, uko Muungano. Bunge la Jamhuri ya Muungano hutunga sheria zake, lakini Katiba ya Zanzibar, kifungu cha 132, yasema kwamba sheria ya Bunge haitatumika Zanzibar ila iwe ni ya mambo ya Muungano, na lazima ipelekwe mbele ya Baraza la Wawakilishi na Waziri anayehusika. Basi raia wa Unguja na Pemba akitajiwa sheria, ana swali la ziada ambalo mwenzake wa Bara hana: hii ni sheria ya nani, na je, imeingia kwetu kwa mlango wake?

Na msidhani kuwa ni wadogo tu wasioona maandishi. Hati ya Muungano yenyewe, iliyotiwa saini tarehe 22 Aprili 1964, watu waliiuliza kwa miaka na miaka: ile ya asili iko wapi? Wengine wakasema ipo, wengine wakasema haipo, wakatukanana kwa ajili ya karatasi ambayo hakuna aliyeiona katika wao. Hata ilipofika Aprili 2014, wakati wa Bunge Maalumu la Katiba, ndipo Serikali ilipoitoa ikaionyesha hadharani. Miaka 50! Taifa zima lilibishana nusu karne juu ya hati ambayo ingewezekana kuiweka ndani ya kioo tangu siku ya kwanza. Ikiwa hati mama ilifanywa hivyo, nani atashangaa karani akinambia sheria haina mwaka?

Wako watakaosema, "Ya zamani ya nini? Tupeni sheria ya leo, yatosha." Neno hili lina sura ya akili lakini ndani ni tupu. Haki ya mtu hupimwa kwa sheria iliyokuwapo siku jambo lake lilipotokea. Dikrii ya Jinai, Sura ya 13, ilifuatwa na Sheria ya Jinai No. 6 ya 2004, na hiyo ikafuatwa na Sheria ya Jinai No. 6 ya 2018. Namba ni ile ile, miaka ni mbalimbali, na mtu asiye makini huzichanganya. Anayeshitakiwa kwa tendo la 2017 hawezi kupewa adhabu nzito iliyoletwa baada ya siku ile, kwani Katiba yenyewe yakataza. Lakini nani atamtetea ikiwa kitabu cha 2004 kimekwisha kutupwa ati kwa sababu ni cha zamani?

Kadhalika ardhi. Mkulima aliyepewa eka tatu baada ya Mapinduzi, asili ya haki yake na masharti yake imo katika dikrii ya ugawaji wa ardhi ya 1966. Mwaka 1992 ikaja sheria ya umiliki wa ardhi, No. 12. Leo wajukuu wa mkulima yule wanasimama shambani na barua ya babu yao, iliyokunjwa hata imetoboka penye mikunjo, na mbele yao yuko mtu mwenye karatasi mpya nyeupe. Mwenye karatasi nyeupe ana mpima ramani na ana gari. Wao wana barua tu, na barua ile haisemi kitu mpaka isomwe pamoja na sheria ya siku ilipoandikwa. Mkiwanyima sheria ile ya zamani mmewanyima shamba.

Na yale ya familia ni hivyo hivyo. Mwaka 1985 ilitungwa sheria iliyowaweka wasichana waliopata mimba nje ya ndoa katika khatari ya kifungo. Mwaka 2005 sheria ile ikafutwa na mahala pake pakaja nyingine isiyowapeleka jela. Sheria ya Mahakama za Kadhi No. 3 ya 1985 nayo ilifutwa na Sheria No. 9 ya 2017. Mwanamke anayetishwa na jirani kwa sheria iliyokufa, au anayekwenda kudai haki yake kwa kifungu kilichokwisha kufutwa, anapoteza siku zake, nauli yake, na mara nyingine heshima yake. Kosa si lake. Hakuna aliyemwambia.

Watetezi wa hali hii wana majibu yao, nasi twayajua. La kwanza husema, "Kutojua sheria si udhuru." Sawa, twaikubali kanuni hii, lakini ina sharti lake, nalo ni kuwa sheria iwe imetangazwa na yapatikana. Mwalimu aliyekificha kitabu hana haki ya kumpiga mwanafunzi kwa kutojua somo.

La pili husema, "Mawakili wapo." Wapo, na twawaheshimu. Lakini muuza samaki wa Mkokotoni anayetakiwa alipe ada yake ya siku, je, akodi wakili wa kumwambia kama ada ile ni halali? Na huyo wakili naye, asipokuwa na daftari kamili, atasoma nini?

La tatu husema, "Siku hizi sheria zimo katika mtandao." Hili ni jema, wala hatulikanushi, aliyefanya wema asifiwe. Lakini sheria nyingi za nyuma ziliandikwa kwa Kiingereza, na si kila mtu ana simu ya kufungulia vitabu. Tena kuiona sheria kwa jicho si kujua kama ingali na nguvu, imeguswa na sheria ipi, na kanuni zipi zimetungwa chini yake.

Na hapa ndipo aibu ilipo. Kiswahili sanifu, kinachosomeshwa Afrika ya Mashariki nzima, kilijengwa juu ya Kiunguja, kama ilivyokubaliwa Mombasa mwaka 1928. Watu wa Bara, kwa Sheria No. 1 ya 2021, walikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria zao. Tena wakakusanya sheria zao zote katika toleo lililorekebishwa la 2023, likazinduliwa Aprili 2025 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2025. Sisi wenye lugha twahukumiwaje kwa maandishi ambayo mama zetu hawawezi kusomewa yakawaelea?

Basi, ndugu wananchi, tusingoje kuonewa huruma. Kila atakayetajiwa sheria na aulize mambo matano, kwa adabu na kwa sauti ya wazi. Kwanza, jina la sheria, namba yake na mwaka wake. Pili, kifungu gani, na ikiwa ni kanuni, imetungwa chini ya sheria ipi. Tatu, ilianza kutumika siku gani, kwani kupitishwa Barazani ni siku moja, kutiwa saini ni siku nyingine, na kuanza kazi huenda ikawa siku ya tatu. Nne, imerekebishwa au imefutwa na sheria gani baadaye. Tano, ni ya Zanzibar au ya Muungano. Akijibiwa yote, alipe na ashukuru. Asipojibiwa, aombe aandikiwe. Mtu mkweli haogopi kuandika.

Na atakayekwenda kutafuta mwenyewe, aanzie kwenye sheria ya leo kisha arudi nyuma. Mwisho wa sheria mpya aghalabu pana kifungu kinachotaja ile iliyofutwa, na yale yaliyohifadhiwa yasiharibike kwa kufutwa huko. Kifungu hicho ndicho kidole kinachoonyesha nyumba ya pili. Aifuate, nayo itamwonyesha ya tatu, mpaka afike kwenye majuzuu ya 1959 au ya 1934, na Gazeti Rasmi la mwaka unaohusika, ambayo asili yake ni ya kutafutwa katika Nyaraka za Taifa, Kilimani. Aandike kila tarehe. Asiamini neno la mtu, hata likiwa langu.

Kwa Serikali, madai yetu ni manne, na hakuna hata moja litakaloifilisi. Karatasi yoyote ya kumdai raia fedha au kumtoa katika mali yake iandikwe jina, namba, mwaka na kifungu cha sheria, na isiyo na hayo isihesabiwe kitu. Sheria zote zikusanywe pamoja na marekebisho yake, na liwepo jadweli la kila kilichofutwa na siku kilipofutwa, wala za zamani zisitupwe. Zote zitiwe katika Kiswahili ambacho mwenye kusoma atakifahamu na asiyesoma akisomewa ataelewa. Na nakala ziwekwe katika kila wilaya, Unguja na Pemba, mahala palipo wazi kwa kila mtu, ili mtu wa Micheweni asilazimike kuvuka bahari kwenda kujua kama shamba lake bado ni lake.

Wenye madaraka hupenda kutuambia kuwa nchi hii ni nchi ya kufuata sheria. Twaafiki, tena twataka iwe hivyo zaidi kuliko wanavyotaka wao. Lakini anayeambiwa afuate njia huonyeshwa njia. Fimbo ya mchana mtu huiona ikija, akaikinga au akaikubali kwa haki. Fimbo ya gizani haina jina, haina mwaka, na aipigaye hajulikani.

Yule bwana aliyenambia kuwa sheria haina mwaka atarudi tena mwaka huu, kwani hawakosi kurudi. Safari hii nimemwekea daftari na kalamu juu ya meza. Nitamkaribisha kiti, nitampa maji ya kunywa, kisha nitamwambia, "Bwana, karibu. Andika."

Nami ndugu yenu,
Mwenye Duka, Mlandege